Mlango Upi Kwanza? Ulinganisho wa Huduma kwa Wanawake wa Jamii Ndogo Wanaopigwa Majumbani Dar es Salaam

Mwanamke anayepigwa na mumewe Dar es Salaam ana milango minne ya kubisha nje ya ukoo wake: dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi, kituo cha mkono kwa mkono hospitalini, baraza la usuluhishi wa ndoa au wazee wa jamii yake, na, pale kinapopatikana, kikundi cha wanawake wa lugha yake wanaomsindikiza. Kwa mwanamke aliyezaliwa Manzese, mwenye Kiswahili cha tangu utotoni na shangazi kila baada ya nyumba tatu, tofauti ya milango hiyo ni foleni na nauli. Kwa mke aliyeletwa Upanga kutoka Gujarat akiwa hajui neno zaidi ya "asante", kwa mama wa Kimaasai aliyemfuata mume mlinzi na kujikuta chumba kimoja Mbezi, au kwa mwanamke wa Burundi anayekwepa kuulizwa karatasi zake, mlango usiofaa unaweza kumrudisha mikononi mwa yule yule aliyemkimbia, safari hii akiwa na hasira zaidi.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya wajumbe wa kamati za kata za ulinzi wa wanawake na watoto, watendaji, maafisa ustawi wa jamii na wasaidizi wa kisheria wenzangu, ambao kila mara wanalazimika kuamua mambo mawili: mwanamke wa namna hiyo apelekwe wapi kwanza, na pale fedha zinapokuwa kiduchu, ni huduma ipi iboreshwe kabla ya nyingine.

Maneno "jamii ndogo" yanahitaji ufafanuzi, kwa kuwa nchi yetu ina makabila zaidi ya 120 na hakuna hata moja lenye wingi wa kuyameza mengine. Ukitazama kwa jicho hilo, kila mtu mjini ni wa jamii ndogo. Sensa nayo haijauliza kabila tangu mwaka 1967. Uamuzi huo umetufaa kwa mengi, ila umetuacha bila hesabu ya kutuonyesha kwamba, kati ya wakazi 5,383,728 waliohesabiwa Dar es Salaam mwaka 2022, ni wanawake wangapi wanaoishi ndani ya lugha ambayo askari wa zamu haielewi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka huo huo wa 2022 ulikuta kuwa asilimia 27 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, lakini matokeo yake yamegawanywa kwa mikoa, umri, elimu na hali ya maisha, hayakugawanywa kwa lugha ya nyumbani. Kwa hiyo hapa ninamaanisha mwanamke aliyekutwa na mambo matatu kwa pamoja: Kiswahili chake hakimtoshi kueleza jambo la aibu, watu wa jamii yake mjini ni wachache kiasi kwamba karibu wote wanafahamiana, na makazi au riziki yake imo mikononi mwa mume au wakwe. Jambo la pili ndilo linalosahaulika, na ndilo litakalotawala sehemu kubwa ya maelezo yafuatayo.

Dawati la jinsia

Nianze na dawati, kwa sababu ndiko watu wengi wanakodhani kila kesi inapaswa kuanzia. Nguvu yake haina mfano katika milango mingine: linaweza kukamata. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema wazi kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, na Kanuni ya Adhabu, katika vifungu vya 240 na 241, inalifanya shambulio kuwa kosa la jinai bila kujali kwamba aliyeshambuliwa ni mke au ni mpita njia. Huduma ni bure, chumba kimetengwa mbali na kaunta ya kawaida, na mara nyingi anayepokea malalamiko ni askari wa kike ambaye hajavaa sare. Mwanamke anayejua Kiswahili na ambaye mumewe ni mtu wa kuogopa selo atafaidika hapa kuliko mahali pengine popote.

Kwa mwanamke wa jamii ndogo, mambo huharibika kwenye ukalimani. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la dawati la kituo kimoja cha mjini, nikimsubiri mteja mwingine, alipoingia binti wa miaka ishirini na kitu akiwa ameshikwa mkono na wifi yake. Afisa wa zamu, dada mmoja mtaratibu, alimpa kiti na kumwuliza kilichomsibu. Binti alizungumza Kigujarati kwa muda mrefu, pengine dakika tatu nzima. Akagusa sikio la kushoto mara mbili, akaonyesha kwa viganja namna mlango ulivyofungwa kwa nje, kisha akanyamaza na kuangalia sakafu. Wifi akamgeukia afisa, akasema, "Anasema waligombana kidogo, sasa ameshatulia, anaomba mume wake aonywe tu." Afisa akaandika mistari sita. Dada yule hakufanya ubaya wowote, aliandika alichoambiwa. Lakini sikio halikuingia kwenye maelezo, na kwa kuwa halikuingia kwenye maelezo, halikuingia kwenye PF3 pia, yaani fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, na bila PF3 iliyotaja sikio, daktari ambaye angemwona siku hiyo asingekuwa na sababu ya kulichungulia.

Inafaa kukumbuka kwamba sheria yetu haikusahau kabisa suala la lugha. Kifungu cha 211 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinataka ushahidi unaotolewa kwa lugha asiyoielewa mshtakiwa utafsiriwe kwake mahakamani. Ila anayelindwa hapo ni mshtakiwa, tena akiwa tayari kizimbani. Mlalamikaji aliyekaa mbele ya afisa siku ya kwanza, wakati ambao kila neno litajenga au kubomoa kesi, hupata ukalimani wa yeyote aliye karibu, na mara nyingi aliye karibu ni ndugu wa mume, jirani wa ghorofa ileile, au mtoto wake mwenyewe wa darasa la nne. Huyo wa mwisho ndiye anayenisumbua zaidi: mtoto anayelazimika kutamka kwa Kiswahili fasaha mambo ambayo baba yake alimfanyia mama yake usiku.

Kasoro ya pili ni karatasi. Mke wa kigeni ambaye kibali chake kinategemea cha mumewe anaamini, na mume hukazia imani hiyo kila siku, kwamba akienda polisi atarudishwa kwao. Mwanamke mkimbizi ana hofu nzito zaidi, kwa sababu Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamtaka akae katika eneo lililotengwa, kama kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kuonekana kwake mjini bila kibali ni kosa kwa lenyewe. Shambulio halipungui kuwa shambulio kwa sababu aliyepigwa hana kibali, lakini ukimwambia mwanamke sentensi hiyo huku amekaa mbele ya watu wenye pingu kiunoni, usitegemee aiamini.

Kituo cha mkono kwa mkono

Wazo la kituo hiki ni jepesi na ni zuri: daktari, askari, afisa ustawi wa jamii na mshauri nasaha wakae chini ya paa moja, ili manusura asizungushwe kutoka ofisi hadi ofisi akisimulia upya kila anapofika. Amana na Mwananyamala ni miongoni mwa hospitali za jiji zenye kituo cha namna hiyo. PF3 hujazwa hapo hapo. Aliyebakwa hupata dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya ukimwi, ambazo lazima zianzwe ndani ya saa 72, pamoja na kinga ya mimba ya dharura, ambayo huwezekana hadi saa 120 ingawa nguvu yake hupungua kadiri muda unavyosogea. (Hapa niseme jambo ambalo wengi hawalipendi: kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, kama kilivyorekebishwa mwaka 1998, hakimhesabu mke kuwa amebakwa na mumewe isipokuwa kama wametengana. Matibabu hayamwulizi hilo, mahakama itamwuliza.)

Kwa mwanamke wa jamii ndogo, kituo cha hospitali kina faida mbili ambazo dawati halina. Ya kwanza ni kisingizio. Hakuna mama mkwe anayemzuia mkamwana kwenda kliniki, hasa akiwa mjamzito au akiwa na mtoto mgongoni, na hakuna jirani atakayepeleka habari kwamba fulani ameonekana hospitali. Kuingia kituo cha polisi kunahitaji ujasiri wa siku moja ambao wengi hawaupati kwa miaka. Kuingia Amana kunahitaji kadi ya kliniki. Faida ya pili ni kwamba daktari anayechungulia sikio hahitaji wifi amweleze kuwa ngoma imepasuka. Majeraha yaliyoandikwa na mtaalamu siku yalipotokea hubaki kwenye jalada hata kama mwanamke mwenyewe hataki kusema lolote leo, na akija kutaka baada ya miezi minne, yatamsubiri.

Upungufu wake ni idadi na saa. Vituo vya namna hii ni vichache kwa jiji lililoenea kutoka Bunju hadi Chanika na kuvuka maji hadi Kigamboni. Usiku na mwisho wa wiki, wale wanne waliopaswa kukaa chini ya paa moja wanaweza kuwa mmoja tu, na muuguzi wa zamu ana wajawazito sita wa kuwaangalia. Tena kituo kinaona vizuri kile kinachoonekana mwilini. Mwanamke ambaye pasipoti yake imefungiwa kabatini, ambaye hajashika hata shilingi elfu moja ya kwake tangu afike, ambaye simu yake hupokewa na mume, anaweza kutoka hospitali na cheti kinachosema afya yake ni njema.

Wazee na baraza la usuluhishi

Hapa lazima kwanza niondoe kosa moja linalorudiwa na watu wengi, wakiwemo baadhi ya wenyeviti wa mitaa. Kwenda kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa si sharti la kwenda polisi. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa kinalitaja baraza kwa habari ya maombi ya talaka tu: mtu asifungue maombi hayo kabla mgogoro haujapelekwa barazani na baraza kushindwa kuwapatanisha. Hata hapo kuna misamaha, ikiwemo mume kukataa kwa makusudi kufika barazani, mume aliyetoroka asijulikane alipo, na pale ambapo mazingira yasiyo ya kawaida yanafanya usuluhishi usiwezekane. Cheti cha baraza kinapaswa kuwa kimetolewa ndani ya miezi sita kabla ya maombi kufunguliwa, na nimeona zaidi ya mwanamke mmoja aliyeambiwa aanze upya kwa sababu alikaa na cheti hadi kikapitwa na wakati. Mwenyekiti anayemwambia mwanamke mwenye jicho lililovimba "nenda kwanza kwa wazee wenu, ndiyo utaratibu" amebuni utaratibu wake mwenyewe.

Baada ya kusema hivyo, si haki kuwadharau wazee. Sheria yenyewe, katika kifungu cha 102, inamruhusu waziri kuitambua kamati iliyoundwa na jamii fulani ifanye kazi ya baraza la usuluhishi, na ndiyo sababu jumuiya za dini mjini zina mabaraza yao. Mume asiyeogopa kulala selo usiku mmoja huweza kuogopa sana kujadiliwa baada ya sala ya Ijumaa, au kuitwa na laigwanan, kiongozi wa rika la Kimaasai, mbele ya rika lake. Pasipoti iliyofungiwa kabatini hutoka haraka zaidi kwa simu ya mzee mmoja kuliko kwa barua tatu za wakili. Dhahabu za harusi, mtoto aliyepelekwa kwa bibi, mtaji wa shanga uliochukuliwa: mambo hayo ambayo polisi huyaita ya kifamilia na hospitali haiyaoni, wazee huyajua kwa majina na kwa gramu.

Tatizo ni kwamba wazee huanza na swali la namna ya kuiokoa ndoa, na mwanamke anakuja na swali la namna ya kulala bila kupigwa. Mara chache maswali hayo mawili huwa na jibu moja. Tatizo jingine ni siri. Katika jamii ya kaya mia mbili, aliyekaa barazani asubuhi ni binamu wa mpigaji, na ifikapo jioni mama mkwe anajua hata kikohozi kilichokatiza maelezo. Nimesikia neno "yameisha" likitamkwa kwenye vikao vya namna hiyo zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, na sehemu kubwa ya walioambiwa hivyo niliwaona tena.

Kwa maoni yangu, basi, wazee wana nafasi, ila nafasi yao inakuja baada ya mwanamke kupata matibabu, maelezo yake kuandikwa kwa usahihi, na yeye mwenyewe kuwa mahali salama. Wakiitwa kabla ya hapo, wanapatanisha watu wawili ambao mmoja wao hawezi kusema hapana.

Kikundi cha wanawake wa jamii yenyewe

Mlango wa nne mara nyingi hauna hata bango. Ni wanawake wanane au kumi wa lugha moja, wengine wameachika, wengine wajane, mmoja pengine ana duka, ambao habari ikifika huenda kumchukua mwenzao, humkalimania, humtafutia chumba kwa wiki mbili na humsindikiza mahakamani. Wanajua tusi lipi katika lugha yao lina uzito wa kipigo na lipi ni la kawaida. Wanajua pia kwamba mwanamke anaposema "amenikataza jikoni" maana yake ni kwamba amenyimwa chakula, jambo ambalo mkalimani wa kukodi angelitafsiri neno kwa neno na kulipoteza.

Je, kata isaidie vikundi hivi au ipeleke kila kitu kwenye huduma moja kwa wanawake wote? Swali hilo lilishawahi kufika mahakamani mbali na hapa, na kisa chake kinafaa kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Katika wilaya ya Ealing, London, kuna shirika linaloitwa Southall Black Sisters, lililoanzishwa mwaka 1979 na wanawake wenye asili ya Asia na Afrika, wakiwemo wanaotoka katika familia zilizohamia huko kutoka Afrika Mashariki. Halmashauri ya Ealing, iliyokuwa ikilichangia fedha kwa miaka mingi, iliamua kwamba ni haki zaidi kuwa na huduma moja tu ya ukatili wa majumbani kwa wanawake wote wa wilaya, kwa hoja kwamba huduma ya wanawake wa asili fulani inawatenga wengine. Wanawake wawili waliokuwa wakihudumiwa na shirika hilo walifungua shauri. Mwezi Julai 2008, shauri likiwa linasikilizwa, halmashauri iliuondoa uamuzi wake. Jaji Moses aliandika sababu hata hivyo, akieleza kwamba usawa na huduma maalumu kwa jamii ndogo havipingani, na kwamba athari kwa wanawake hao zilipaswa kupimwa kabla ya uamuzi kufanywa, si baada yake.

Mazingira yetu si ya Ealing. Halmashauri zetu hazina mafungu ya namna ile, na polisi wetu hawakabiliwi na historia ile ya uhamiaji na rangi. Lakini hoja ya halmashauri ile ninaisikia hapa karibu neno kwa neno: "Sisi hatubagui, dawati ni la wote." Ni kweli ni la wote, kwa maana ile ile ambayo ngazi ya ghorofa ya tatu ni ya wote, akiwemo anayetembelea magongo. Wenzetu wa Uingereza walijifunza jambo jingine ambalo sisi bado: tangu mwaka 2002 kanuni zao za uhamiaji zinampa mke aliyekuja kwa kibali cha ndoa nafasi ya kuomba kubaki kwa jina lake mwenyewe akithibitisha kwamba ndoa ilivunjika kwa sababu ya ukatili. Mpaka sisi tupate kanuni iliyo wazi kiasi hicho, mpigaji atabaki na fimbo ambayo hailali ndani ya nyumba, yaani kibali cha mkewe.

Udhaifu wa kikundi ni ule ule wa wazee kwa sura nyingine. Wanawake wema nao wana midomo, na katika jamii ndogo hakuna asiye shangazi wa mtu. Nimeshuhudia mwanamke akikataa katakata kuhudumiwa na kikundi cha lugha yake kwa sababu mweka hazina alikuwa amesoma na dada wa mumewe, akaomba apewe mtu yeyote, hata asiyejua lugha, alimradi hatoki kwao. Anayedhani kwamba mwanamke wa jamii ndogo siku zote anataka kuhudumiwa na mwanamke wa jamii yake hajawahi kuishi katika jamii ndogo.

Namna ya kuchagua

Kama kuna jeraha, au tendo la ngono la kulazimishwa, au kipigo cha ndani ya siku tatu zilizopita, mlango wa kwanza ni hospitali yenye kituo cha mkono kwa mkono, hata kama mwanamke anasema hataki kesi. Nitalisimamia hili mbele ya yeyote. Polisi wa ndani ya kituo hicho atajaza PF3, na uamuzi wa kushtaki utafanywa mwanamke akiwa ameshapata dawa na ameshalala usiku mmoja mahali pengine.

Kama ametishiwa kuuawa, au mume ana silaha, au watoto wamezuiliwa, ni dawati moja kwa moja, na mkalimani atafutwe kwa simu huku askari wakiwa njiani. Tujue kwamba Tanzania Bara haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani kama ile ya Kenya ya mwaka 2015, yenye amri za ulinzi zinazoweza kuombwa bila kesi ya talaka. Kilicho karibu zaidi ni kifungu cha 138 cha Sheria ya Ndoa, kinachoipa mahakama uwezo wa kumzuia mume asimsumbue mke, lakini hicho hutembea pamoja na shauri la ndoa. Kwa hiyo, usiku wa hatari, kinachomlinda mwanamke ni ukamataji.

Kama tatizo ni la muda mrefu, la kunyimwa fedha, kufungiwa na kutukanwa, bila alama mwilini, aanze nje ya milango ile minne, kwa msaidizi wa kisheria au shirika la msaada wa kisheria. TAWLA na WLAC wamekuwa wakiwahudumia wanawake wa jiji hili kwa miaka mingi. Wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hawaruhusiwi kumwakilisha mtu mahakamani, lakini wanaweza kumpangia hatua zake. Mwanamke wa kigeni aelezwe mapema mambo mawili: kifungu cha 77 cha Sheria ya Ndoa kinamruhusu kuomba talaka hapa ikiwa ameishi nchini angalau mwaka mmoja kabla ya kufungua shauri, na kifungu cha 100 cha sheria hiyo hiyo kinahitaji kibali cha mahakama ikiwa ndoa haijatimiza miaka miwili, kibali ambacho hutolewa pale anapokuwa na taabu zisizo za kawaida. Aambiwe pia kwamba kazi yake ya jikoni na ya kulea inahesabika katika mgawanyo wa mali, kwa mujibu wa uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mashauri ya ndoa yana kituo chake jumuishi Temeke, na mtu wa kumsindikiza huko siku ya kwanza ni muhimu kuliko vile watu wanavyodhani, maana ni jengo kubwa na madirisha ni mengi.

Wazee waitwe baadaye, kwa mambo ya mali, nyaraka na watoto, na waitwe na mwanamke mwenyewe au kwa ridhaa yake.

Kuhusu kipi kiboreshwe kwanza, wenzangu wengi husema nyumba salama, na siwezi kubishana nao kuhusu uhitaji. Lakini nyumba salama ni mamilioni ya kodi, mlinzi, chakula na afisa wa kudumu. Kata nyingi zitaingoja hadi tuzeeke. Kwa fedha ambazo kata inazo leo, ningeanza na wakalimani wa mbali: wanawake wa makamo, waliokula kiapo cha siri, wanaoishi nje ya mtandao wa jamii ya manusura, wanaopigiwa simu ya sauti kubwa na afisa wa dawati au muuguzi, bila kuambiwa jina la mwanamke wala mtaa wake. Kwa Kimaasai, mwalimu mstaafu aliyeko Arusha anafaa kuliko jirani wa Mbezi. Kwa Kirundi hatuhitaji hata kwenda mbali, kwa sababu Kiha na Kirundi vinaelewana, na Waha wa Kigoma tumejaa nao mjini. Kwa Kigujarati na Kisomali atafutwe mtu wa Tanga, Mwanza au Mombasa. Gharama ni kifurushi cha dakika na posho ndogo kwa kila simu. Wanawake wa kikundi cha jamii, kwa wale manusura wanaowataka, wabaki na kazi ya kusindikiza, kutafuta chumba na kukaa naye usiku, wasiwe masikio ya polisi. Tena sharti moja liandikwe ukutani kwa maandishi makubwa: ndugu wa pande zote mbili wasikalimani, na mtoto kamwe.

Binti wa sikio alirudi dawatini baada ya wiki tano, peke yake, akiwa na namba ya simu iliyoandikwa kwenye risiti ya duka la dawa. Afisa alikuwa yule yule. Safari hii aliweka simu mezani, akabonyeza spika, na mama mmoja wa mkoani, ambaye hadi leo hajui alikuwa anamsemea nani, akaanza kukalimani sentensi moja moja. Maelezo yalijaza kurasa mbili na nusu. Sikio lilikuwa kwenye mstari wa nne.